Cheti Kipi, kwa Bei Gani? Mwongozo wa Mkaguzi wa Ndani Kabla ya Kulipa Ada

Mkaguzi wa ndani anayetaka kupanda cheo huuziwa vitu vinne: uanachama, mtihani, kozi ya maandalizi na programu ya kompyuta. Kila kimoja kina muuzaji wake, na kila muuzaji hudai kuwa chake ndicho kitakachomfikisha kwenye kiti cha mkaguzi mkuu wa ndani. Bei nyingi zinatajwa kwa dola, mshahara unaingia kwa shilingi, na mshahara huohuo unasubiriwa na karo ya watoto na kodi ya nyumba. Ndiyo maana kuuliza cheti kipi kinafaa bila kuuliza kitagharimu kiasi gani ni kuuliza nusu ya swali.

Msimamo wa makala haya ni huu: chagua cheti kwa kuangalia kazi utakayoifanya miaka mitano ijayo, piga hesabu ya miaka yote hiyo mitano, na usilipie cheti cha pili kabla cha kwanza hakijaanza kukulipa. Ili hesabu zisomeke kwa urahisi, nimechukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania au shilingi 130 za Kenya. Viwango vya kubadilisha fedha hupanda na kushuka, na ada za vyama hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo fungua tovuti ya chama husika siku utakayokuwa tayari kulipa.

CPA: lango la kuingilia

Tanzania mtihani wa CPA husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kenya husimamiwa na KASNEB, na anayefaulu husajiliwa na ICPAK. Uganda kazi hiyo ni ya ICPAU. Faida ya kwanza ya CPA kwa mfuko wako ni kwamba ada hulipwa kwa fedha ya nyumbani, hatua kwa hatua, kadiri unavyosonga kutoka ngazi moja hadi nyingine. NBAA hufanya mitihani mikuu Mei na Novemba. KASNEB hufanya Aprili, Agosti na Desemba. Mwenye kipato kidogo anaweza kupanga masomo machache kila awamu na kulipia hayo tu.

Faida ya pili ni soko. Matangazo mengi ya kazi za ukaguzi wa ndani serikalini, katika mashirika ya umma na katika benki hutaja CPA kama sharti, si kama nyongeza. Kijana asiye na CPA anaweza kuwa na vyeti viwili vya kimataifa na bado jina lake likaondolewa kwenye mchujo wa kwanza.

Udhaifu wake nao usifichwe. CPA inamfundisha mtu uhasibu, kodi, sheria za makampuni na ukaguzi wa nje kwa kina, lakini haimwandai vya kutosha kukagua ununuzi, mfumo wa mishahara, usalama wa taarifa au usimamizi wa vihatarishi. ACCA, yenye masomo 13 na uzoefu wa miezi 36, iko katika kundi hilihili. Inavuka mipaka kwa urahisi zaidi, ila ada zake hulipwa kwa pauni, na ada ya mwaka haikomi baada ya kufaulu. Mhitimu wa shahada ya uhasibu anaweza kusamehewa hadi masomo tisa ya ACCA, lakini kila somo analosamehewa nalo hulipiwa.

CIA: cheti cha fani yenyewe

Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, IIA, ilianzishwa New York mwaka 1941 na leo makao yake makuu yako Lake Mary, Florida. Ina matawi ya kitaifa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. CIA ndicho cheti chake kikuu. Mtihani una sehemu tatu: ya kwanza ina maswali 125 kwa dakika 150, ya pili na ya tatu zina maswali 100 kila moja kwa dakika 120. Alama ya kufaulu ni 600 kwenye kipimo kinachoanzia 250 hadi 750. Mwenye shahada ya kwanza anahitaji uzoefu wa miezi 24, na mwenye shahada ya uzamili miezi 12. Unaweza kufanya mtihani kwanza na kukamilisha uzoefu baadaye.

Kwa bei ya kawaida ya makao makuu, mtu asiye mwanachama hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa maombi na sehemu zote tatu. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,500,000 za Tanzania, au shilingi 130,000 za Kenya, kabla hajanunua kitabu. Mwanachama hupunguziwa mamia ya dola, na wanafunzi wana punguzo lao. Kwa hiyo kwenye CIA uanachama hulipa gharama yake mapema, mradi ufanye sehemu zote ndani ya kipindi cha uanachama huo. Anza kwa kuuliza tawi la nchi yako, kwa sababu bei inayokuhusu ndiyo wanayoijua wao.

Mitego ya CIA imo kwenye kalenda. Tangu maombi yako yakubaliwe una miaka mitatu ya kumaliza. Muda ukiisha bila nyongeza, sehemu ulizofaulu hupotea pamoja na fedha zake. Vilevile, ukishajisajili kwa sehemu moja una siku 180 za kuifanya. Watu wengi hulipia sehemu zote tatu kwa mkupuo kwa sababu bonasi imeingia, kisha msimu wa kufunga hesabu unawakuta hawajafungua kitabu. Lipia sehemu moja, faulu, ndipo ulipie nyingine.

Jambo jingine la kuangalia ni toleo la vitabu. IIA ilitoa Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani tarehe 9 Januari 2024, vikaanza kutumika tarehe 9 Januari 2025. Vina kanuni 15 na viwango 52, na mtaala wa CIA ulibadilishwa kuvifuata. Vitabu vya mtaala wa zamani vinauzwa bei ya kutupa mitandaoni na kwenye vikundi vya WhatsApp. Bei hiyo isikuvutie, maana utasoma mpangilio ambao mtihani umeuacha.

Aliye na CISA au aliye mwanachama kamili wa ACCA aulizie mtihani maalumu wa CIA unaofanywa mara moja badala ya sehemu tatu. Kwake huenda hiyo ikawa njia fupi na nafuu zaidi.

CISA: kwa anayekagua mifumo

CISA hutolewa na ISACA, chama kilichoanzishwa mwaka 1969. Ni mtihani mmoja wa maswali 150 kwa saa nne, na alama ya kufaulu ni 450 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Cheti kinahitaji uzoefu wa miaka mitano, ingawa elimu na uzoefu mwingine vinaweza kufidia hadi miaka mitatu kati ya hiyo. Ukishafaulu una miaka mitano ya kuomba cheti chenyewe.

Ada za miaka ya karibuni zinatuwezesha kupiga hesabu kamili. Asiye mwanachama hulipa dola 760 za mtihani na dola 50 za maombi ya cheti: jumla 810, sawa na shilingi 2,025,000 za Tanzania au 105,300 za Kenya. Mwanachama hulipa uanachama dola 145, mtihani dola 575 na maombi dola 50: jumla 770, bila kuhesabu ada ya tawi. Mwaka wa kwanza, basi, uanachama unaokoa dola 40, na ada ya tawi huweza kuzimeza zote.

Tofauti kubwa inakuja baadaye. Kukitunza cheti ni dola 85 kwa mwaka kwa asiye mwanachama. Mwanachama hulipa dola 45, lakini juu yake kuna ile 145 ya uanachama. Ukijumlisha mwaka wa mtihani na miaka mitano ya kukitunza, asiye mwanachama atakuwa ametumia dola 1,235 na mwanachama dola 1,720. Uanachama umemgharimu dola 485 zaidi, yaani dola 97 kwa kila mwaka wa kukitunza cheti.

Je, zinafaa? ISACA hutaka saa zisizopungua 20 za mafunzo endelevu kila mwaka na 120 kwa miaka mitatu, na humpa mwanachama zaidi ya saa 70 za mafunzo ya bure kwa mwaka. Kama mwajiri wako hakupeleki kwenye semina, saa hizo ni nafuu kuliko semina moja ya hotelini, kwa hiyo baki mwanachama. Kama mwajiri anakulipia mafunzo kila mwaka, lipa dola 85 na uendelee na kazi.

Marudio nayo yaingie kwenye bajeti. Anayeshindwa hulipa ada nzima upya na kusubiri siku 30 kabla ya jaribio la pili. Kwa asiye mwanachama, kushindwa mara moja kunafikisha gharama ya kupata cheti dola 1,570. Wiki nne zaidi za kusoma hazina bei ya namna hiyo.

CFE: kwa anayechunguza ubadhirifu

Chama cha ACFE kilianzishwa mwaka 1988 na Joseph T. Wells, na makao yake yako Austin, Texas. Cheti chake cha CFE kinahusu mbinu za wizi, sheria, uchunguzi na uzuiaji. Mwombaji hupimwa kwa pointi za elimu na uzoefu: 40 za kuruhusiwa kufanya mtihani na 50 za kupewa cheti, pamoja na miaka miwili ya kazi inayohusiana na udanganyifu. Uanachama ni lazima, kwa hiyo uuhesabu kama sehemu ya bei. Kozi yao ya maandalizi huuzwa kwa bei inayozidi ada ya mtihani wenyewe. Ukiinunua, inunue ukiwa na muda wa kuitumia.

CFE ina thamani kubwa kwa aliye kwenye kitengo cha uchunguzi cha benki, bima, kampuni ya simu au taasisi ya kupambana na rushwa. Kwa mkaguzi wa kawaida anayeshika kesi moja ya ubadhirifu kwa mwaka, fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye CIA. Anayetaka kujua wizi hugunduliwaje asome kwanza ripoti ya ACFE kwa mataifa, inayotolewa bure kila baada ya miaka miwili. Ripoti ya 2024 inaonyesha kuwa asilimia 43 ya kesi ziligunduliwa kupitia taarifa za watu, na asilimia 14 kupitia ukaguzi wa ndani. Namba hizo mbili zinatosha kumshawishi mkurugenzi aimarishe njia ya siri ya kupokea taarifa.

Vitabu, kozi na maswali ya wizi

Kozi kamili za kampuni za maandalizi huuzwa kwa mamia ya dola, na zikiwa na video na mwalimu hupita hapo. Kitu kinachofaulisha watu zaidi ndani ya kifurushi hicho ni benki ya maswali yenye maelezo ya kila jibu. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua hiyo. Kwa CISA, benki rasmi ya maswali ya ISACA inauzwa peke yake. Kwa CIA, kampuni kama Gleim huuza maswali bila kukulazimisha kununua kifurushi kizima. Watu wanne wanaosoma pamoja kila Jumamosi, kila mmoja akifundisha mada moja, hupata ufafanuzi ambao video hutozwa bei kubwa kuutoa.

Yako mafaili yanayouzwa kwa shilingi elfu chache yakidai kuwa na maswali halisi ya mtihani. Usiyanunue. Kila mtahiniwa huahidi kutotoa wala kutumia maswali ya mtihani, na kuvunja ahadi hiyo kunaweza kufuta matokeo na cheti. Zaidi ya hapo, kazi yetu ni kuwaambia wengine kwamba wamekiuka utaratibu. Mkaguzi aliyeingia kwenye fani kwa kuiba mtihani hana uso wa kuuliza kwa nini stakabadhi ya mafuta imeghushiwa.

Programu: anza na uliyonayo

Programu za IDEA na ACL zimeundwa kwa ajili ya wakaguzi. Zinasoma mamilioni ya miamala, zinatunza kumbukumbu ya kila hatua na hazikuruhusu kubadilisha data ya asili. Leseni yake ni gharama ya idara, si ya mtu binafsi. Usiitoe mfukoni mwako.

Excel iliyoko ofisini ina mistari 1,048,576 kwa karatasi moja, na ndani yake kuna Power Query inayounganisha mafaili ya mishahara ya miezi kumi na miwili bila kunakili kwa mkono. Kwa halmashauri au sacco nyingi hiyo inatosha kutafuta mtumishi anayelipwa mara mbili, wazabuni wawili wenye akaunti moja ya benki, au malipo yaliyogawanywa ili yasifikie kiwango cha zabuni. Data ikizidi hapo, KNIME na Python ni za bure. Unalipa kwa muda wa kujifunza. Miezi mitatu ya kuzisoma jioni hukupa ujuzi ambao waajiri wanautafuta na ambao hauna ada ya mwaka.

Vya bure vinavyopuuzwa

Viwango vipya vya IIA vinapakuliwa bure. Muhtasari wa mfumo wa udhibiti wa ndani wa COSO wa 2013 ni bure. Sharti la IIA kuhusu ukaguzi wa usalama wa mtandao, lililotolewa Februari 2025 na kuanza kutumika Februari 2026, nalo linapatikana bila malipo.

Hazina iliyo karibu nasi kuliko zote ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo Tanzania huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida Aprili, na zile za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya. Ni kurasa nyingi za hoja halisi kuhusu mikataba, makusanyo, madeni na ujenzi uliosimama. Soma ripoti ya sekta yako, kisha jiulize ni hoja zipi mpango wako wa ukaguzi wa mwaka ungezinasa kabla hazijaandikwa na mkaguzi wa nje.

Ujuzi wa kuandika hoja

Wakaguzi wenye vyeti sawa hutofautiana kwa kalamu. Hoja kamili ina mambo matano: kigezo, hali halisi, chanzo, athari na pendekezo. Ukiandika kwamba masurufu hayarejeshwi kwa wakati, umetoa lawama tu. Eleza kwamba kanuni inataka marejesho ndani ya siku kadhaa baada ya safari. Kwamba watumishi kadhaa wamevuka muda huo na wamepewa masurufu mapya. Kwamba mfumo wa malipo hauzuii mwenye deni. Kwamba fedha hiyo haijulikani ilitumikaje. Na kwamba mhasibu auweke mfumo ukatae ombi jipya mpaka la zamani lifungwe. Hapo kamati ya ukaguzi ina jambo la kuamua, na mkurugenzi ana jambo la kutekeleza. Hakuna ada ya ujuzi huu. Chukua ripoti yako ya mwaka jana, iandike upya kwa mpangilio huo, na umpe mkubwa wako wa kazi aikosoe.

Mwajiri na mkataba

Kabla ya kulipa chochote, andika barua ya kuomba udhamini, ukiambatanisha hesabu ya miaka mitano na kueleza faida kwa taasisi. Omba hata nusu: ada ya mtihani ilipwe na mwajiri ukifaulu, vitabu ununue mwenyewe. Soma kwa makini kifungu cha kubaki kazini baada ya kudhaminiwa; miaka mitatu ya kufungwa na mkataba kwa ajili ya ada ya dola 800 ni bei ghali.

Unapohamia kazi mpya, uliza mkaguzi mkuu wa ndani anaripoti kwa nani. Akiwajibika kwa kamati ya ukaguzi kuhusu mpango, bajeti na ripoti zake, utafanya kazi uliyoisomea. Akiwa chini ya mkurugenzi wa fedha, hoja zako zitapitia mikononi mwa mtu unayemkagua. Tofauti ya mshahara haifidii hilo kwa muda mrefu.

Nani achukue kipi

Mhitimu mpya, au mkaguzi wa halmashauri, kaunti au wizara asiye na CPA: maliza CPA kwanza.

Mwenye CPA aliyeamua kubaki kwenye ukaguzi wa ndani, au anayetazamia kazi Ghuba na kwingineko nje ya nchi: chukua CIA, uwe mwanachama wakati wa mitihani, na ulipie sehemu moja moja.

Mkaguzi wa benki, kampuni ya simu, taasisi ya malipo au mamlaka ya mapato, au mwenye shahada ya kompyuta: chukua CISA, na uamue kuhusu uanachama kwa kuangalia kama mwajiri anagharimia mafunzo.

Mchunguzi wa ubadhirifu wa kila siku: chukua CFE.

Mwenye vyeti viwili tayari: usinunue cha tatu. CIA hutaka saa 40 za mafunzo kila mwaka kwa anayefanya kazi, CISA zisizopungua 20 na CFE 20. Semina moja inaweza kuhesabiwa kwenye vyeti zaidi ya kimoja mada ikiafiki, lakini ada za mwaka hazichangiwi. Peleka fedha hiyo kwenye uchambuzi wa data.

Chukua karatasi leo na uandike ada ya maombi, mtihani, marudio ya mara moja, vitabu, uanachama na miaka mitano ya kukitunza cheti. Jumla hiyo ikizidi mshahara wako wa miezi miwili na mwajiri hachangii, ahirisha mpaka mwaka ujao wa fedha, na utumie mwaka huu kusoma viwango na ripoti za bure.